Jicho Ni Shahidi wa Figo

(Mazungumzo yaliyosomwa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya utumishi wa umma na kijana wa leo. Nilikubali, nikaandika kurasa nne, kisha nikazichana. Hotuba ya namna hiyo mmekwisha kuisikia mara nyingi, na wako humu wanaoweza kuitoa bila karatasi. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya jicho na figo, na Mwenyekiti akakubali kwa shingo upande. Lazima niseme mapema kwamba mimi si daktari. Ni afisa mipango wa wilaya, chuo kikuu nilisoma uchumi, na biolojia yangu iliishia kidato cha nne katika maabara ile yenye bati linalovuja. Haya ninayoyajua nimeyajua kwa kuwa yalinipata mwenyewe. Mtu akiambiwa kwamba figo zake zina kasoro huwa mwanafunzi hodari ghafla, hata kama hapa shuleni alikuwa akisinzia.

Nilikuwa na umri wa miaka 43 nilipoona kwamba mikono yangu imekuwa mifupi. Kila jalada lililoletwa mezani nililisogeza mbali ili nilisome, na karani wangu akaanza kucheka chini chini. Wenzangu ofisini wakaniambia ndiyo macho ya ofisi, nenda ukachukue miwani. Nikaenda kwa daktari wa macho nikitarajia kwamba kabla ya saa nne nitakuwa nimerudi kazini.

Daktari alinitia matone ya kupanua mboni, akaningojesha kama nusu saa kwenye benchi, kisha akaniingiza chumba chenye giza na kunimulika kwa chombo kidogo kama tochi. Aliangalia jicho la kulia, akaangalia la kushoto, akarudia la kulia. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Ndugu, shinikizo lako la damu lilipimwa lini?"

Nilicheka. Nikamwambia mimi nimefuata miwani. Akajibu kwamba miwani nitapata, lakini kwanza niende chumba cha tatu nikapimwe. Muuguzi alinipima, akanikalisha, akanipima tena mkono wa pili. Ilikuwa 196 kwa 122. Nikapewa kikopo nilete mkojo. Kile kijikaratasi cha kupimia, ambacho sehemu ya protini huwa ya manjano, kikageuka kijani mbele ya macho yangu. Baada ya siku mbili majibu ya damu yakaonyesha kwamba figo zangu zinafanya kama nusu ya kazi inayozipasa.

Ndugu zangu, sikuwa nikiumwa. Kichwa hakikuuma, miguu haikuvimba, na Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimecheza mpira wa maveterani dakika zote. Na hapa sina budi kukiri jambo ambalo sikulikiri hata kwa mke wangu mpaka baadaye sana. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya siku ile nilipimwa afya kwa ajili ya safari ya mafunzo, na daktari wa huko akakuta shinikizo la 160 kwa 100. Aliniandikia barua nzuri kabisa, yenye tarehe na sahihi, kwamba nirudi baada ya wiki mbili. Mimi ambaye kutwa nzima naandika "shughulikia haraka" pembeni mwa barua za watu wengine, barua yangu mwenyewe niliitia katika droo ya chini, pamoja na risiti za mafuta. Nayo ikakaa humo.

Nilipopata nguvu nilirudi kwa yule daktari wa macho nikamwuliza amejuaje. Hakunigusa hata mkono, hakuniuliza lolote juu ya figo. Aliyonijibu, pamoja na niliyoyasoma tangu hapo, ndiyo nimekuja kuwaeleza.

Figo mbili za mtu mzima kwa pamoja zina uzito wa kama gramu 300. Ni kitu kidogo. Lakini katika kila lita tano za damu ambazo moyo huzisukuma kwa dakika, lita moja hivi hupelekwa kwenye figo. Kila figo ina machujio madogo yapatayo milioni moja, na kila chujio ni kifundo cha mishipa ya damu myembamba sana iliyojiviringisha kama uzi uliofumbatwa. Kwa siku moja machujio hayo huchuja maji yapatayo lita 180. Nyinyi vijana mnaochota maji kwa zamu bila shaka mtaielewa hesabu hiyo vizuri kuliko wakubwa waliokaa mbele: ni ndoo tisa za lita 20. Karibu yote hurudishwa katika damu, na kinachobaki kutoka nje ni lita moja na nusu au mbili.

Sasa nendeni kwenye jicho. Nyuma kabisa, ndani, kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao ndio unaopokea picha ya kila tunachokitazama. Utando huo nao unalishwa na mishipa midogo, mingine mikubwa kuliko unywele kidogo tu na mingine haifikii unywele. Jicho na figo vina kazi mbali kabisa, lakini vyote viwili vinaishi kwa mishipa ya namna hii, na vyote viwili vinaumizwa na maadui wale wale wawili: shinikizo kubwa la damu na kisukari. Tofauti iliyopo ni moja. Mishipa ya figo huwezi kuiona bila kumchoma mtu sindano na kunyofoa kipande. Mishipa ya jicho iko nyuma ya dirisha. Ni mahali pachache sana katika mwili wa binadamu ambapo daktari anaweza kutazama mishipa midogo ya damu hivi hivi, ikiwa hai, bila kukata wala kuchoma.

Nataka nikae kidogo hapa kwa ajili ya vijana wa fizikia. Kwa nini mboni ya mtu inaonekana nyeusi, wakati ndani yake kuna utando mwekundu uliojaa damu? Kwa karne nyingi watu walidhani kwamba mwanga ukiingia jichoni haurudi. Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha huko Königsberg, aliona kwamba mwanga unarudi, ila unarudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Ili uupokee, itakubidi uweke kichwa chako pale pale unapotokea mwanga, na hapo kichwa chenyewe kinaziba taa. Dawa yake ilikuwa rahisi. Alichukua vipande vya kioo, akaviegemeza, vikaakisi mwanga wa taa ya pembeni kuingia jichoni, huku yeye akichungulia kupitia vioo hivyo hivyo. Mwaka 1851 alichapisha maelezo ya chombo chake, na madaktari wakaanza kuona kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona kwa mgonjwa aliye hai. Tochi niliyomulikiwa mimi ni mjukuu wa vioo vile. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha sheria za uakisi ubaoni, nami nilizikariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba siku moja zitanitafuta.

Figo nazo zilikuwa na mtu wao. Katika hospitali ya Guy's mjini London, daktari Richard Bright alichapisha mwaka 1827 habari za wagonjwa waliovimba mwili, na ambao mkojo wao ukipashwa moto huganda. Inasimuliwa kwamba aliutia katika kijiko na kukishika juu ya mshumaa. Kilichoganda ni albumini, protini inayoganda kama ute mweupe wa yai, ambayo kazi yake ni kubaki katika damu. Ikionekana katika mkojo, chujio limetoboka. Bright alitambua pia kwamba baadhi ya wagonjwa hao hupoteza uwezo wa kuona, lakini wakati wake hakukuwa na namna ya kuchungulia ndani ya jicho. Kilipopatikana chombo cha Helmholtz, haikuchukua miaka kumi: mwaka 1859 daktari wa macho Richard Liebreich alieleza alichokiona nyuma ya macho ya wagonjwa wa Bright.

Ni nini hicho wanachokiona? Daktari wangu alinichorea kwenye karatasi, nayo ninayo mpaka leo. Shinikizo likiwa kubwa kwa muda mrefu, mishipa inayoleta damu hujibana na kuta zake hunenepa. Mwanga ukiipiga haing'ai tena kama kawaida. Madaktari husema imekuwa kama waya wa shaba, na ikizidi, kama waya wa fedha. Pale inapokatiza juu ya mishipa laini inayorudisha damu, huibinya, mfano wa bomba la chuma lililolalia mpira wa kumwagilia bustani. Mambo yakiendelea, ukuta unashindwa. Damu huvuja na kuacha michirizi kama miali ya moto. Sehemu zilizokosa damu hugeuka madoa meupe kama vipande vya pamba. Mafuta na protini vilivyovuja huweza kujipanga kuzunguka kitovu cha kuonea kwa umbo la nyota. Mwisho kabisa, mahali mshipa mkuu wa fahamu unapoingilia jichoni huvimba, na hapo huwa ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mimi nilikutwa na michirizi na pamba. Uvimbe sikuwa nao, na daktari aliniambia kwamba nina bahati. Mimi sikuiona bahati hiyo wakati ule.

Kuvuja huko huko kunatendeka katika figo. Jichoni kunaonekana kwa doa. Katika figo kunaonekana kwa protini katika mkojo. Na figo ina ubaya wake wa ziada, kwamba ikiharibika, yenyewe hupandisha shinikizo, na shinikizo likipanda huzidi kuiharibu. Hata kile kipimo cha damu cha kreatinini huweza kubaki sawa mpaka sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea. Kwa hiyo mtu anayengoja maumivu atangoja sana.

Mwaka 1939 madaktari watatu wa Mayo Clinic huko Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwagawa wagonjwa wa shinikizo katika makundi manne kwa kuangalia macho yao, kisha wakafuata maisha yao. Enzi hizo dawa za maana hazikuwapo. Kundi la kwanza, wenye mabadiliko madogo jichoni, watu 70 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Kundi la nne, wenye uvimbe ule niliousema, walibaki sita. Nilipoisoma hesabu hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Kundi langu lingekuwa la tatu.

Nimesema maadui ni wawili. Juu ya huyu wa pili nitasema habari ya mwenzetu mmoja. Darasa letu watamjua bila mimi kumtaja, na mjane wake ameniruhusu kuisema. Alilala kitanda cha juu yangu miaka minne. Baada ya shule alifanya biashara, akafanikiwa, akanenepa, na sote tukamsifu kwa kunenepa. Macho yakaanza kumsumbua, leo yanaona vizuri, kesho ukungu. Akanunua miwani kwa wachuuzi wa stendi. Baada ya miezi akanunua nyingine yenye nguvu zaidi, kisha ya tatu. Kumbe sukari katika damu ikipanda na kushuka hubadili lenzi ya jicho, ndiyo maana miwani ya leo haifai kesho. Na wakati huo huo nyuma kwenye retina mishipa ilikuwa ikitoa vivimbe vidogo na kuvuja. Miwani hurekebisha jinsi picha inavyoangukia kwenye retina. Haina inaloweza kufanya juu ya retina yenyewe. Alipopelekwa kwa daktari alikuwa na kisukari cha miaka mingi kisichojulikana, jicho moja limekwisha, na figo zote mbili ziko mwishoni. Alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mwaka na miezi. Nilikwenda kukaa naye siku nyingine. Alikuwa akiniuliza habari za kila mmoja wenu kwa jina. Upandikizaji wa figo umeanza kufanyika hapa nchini, wa kwanza ukiwa Muhimbili Novemba 2017, na ndugu yake alikuwa tayari kutoa moja, lakini moyo haukumngoja. Wengi wenu tulikuwa pamoja makaburini.

Kwa wenye kisukari, ushahidi wa jicho ni mkubwa kiasi kwamba madaktari huutumia kama mahakimu. Mtu mwenye kisukari cha utotoni ambaye figo zimeharibiwa na kisukari, karibu kila mara jicho nalo litakuwa limeguswa. Basi wakikuta protini katika mkojo wake na jicho ni safi, hujiuliza kama figo hazina ugonjwa mwingine uliojificha. Kwa kisukari cha ukubwani uhusiano huo umelegea zaidi. Wako wengi ambao figo zao zimeumia na jicho halionyeshi kitu. Nawaombeni mlishike hilo. Jicho bovu ni sababu ya kupima figo, ila jicho safi si cheti cha figo. Mkojo na damu lazima vipimwe vyenyewe.

Aidha kuna mambo mawili ya kuyatenga, maana nimeona watu wakichanganya. Kwanza, ile inayoitwa presha ya macho ni ugonjwa mwingine, wa maji ya ndani ya jicho, na mtu anaweza kuwa na huo bila shinikizo la damu, au kinyume chake. Pili, wapo watu wanaotembea na vikuza na picha, wanakutazama lile duara la rangi linalozunguka mboni, wanakwambia figo yako ya kushoto imechoka, kisha wanakuuzia chupa. Hawa walishajaribiwa. Mwaka 1979 lilichapishwa jaribio huko Marekani ambamo wasomaji watatu wa namna hiyo walipewa picha za macho ya watu 143, baadhi wakiwa na ugonjwa wa figo na baadhi wazima. Hawakuweza kuwatenganisha. Daktari haangalii rangi ya jicho lako. Anaangalia mishipa iliyo nyuma.

Vijana wa kompyuta watapenda kusikia kwamba mwaka 2020 watafiti wa Singapore walichapisha kazi ambamo kompyuta, ikiwa imefundishwa kwa maelfu ya picha za retina, iliweza kukisia kwa kiasi kizuri nani ana ugonjwa wa figo. Ni jambo la kutia moyo kwa nchi yenye wilaya kubwa na madaktari wachache, na kama afisa mipango nimekwisha kuliandika mahali. Lakini kijikaratasi cha mkojo tayari tunacho, na bei yake ni ndogo.

Je, kuna faida gani ya kujua? Ipo, na imepimwa. Mwaka 1993 ulitolewa utafiti wa Marekani na Kanada uliowafuata watu 1,441 wenye kisukari cha utotoni. Walioshika sukari yao barabara, wale ambao jicho lilikuwa bado zima walipunguza hatari ya kuumia jicho kwa asilimia 76, na protini nyingi katika mkojo ikapungua kwa asilimia 54 kwa jumla. Mwaka 1998 ukafuata wa Uingereza juu ya kisukari cha ukubwani: waliobanwa shinikizo la damu zaidi walipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 37. Angalieni kwamba dawa ilikuwa moja, na jicho na figo vikafaidi pamoja.

Mimi nameza vidonge viwili kila asubuhi, kimojawapo cha aina inayopunguza msukumo ndani ya yale machujio. Chumvi nimeipunguza, kwa manung'uniko. Vidonge vya maumivu nilivyokuwa nikimeza kama karanga baada ya mechi nimeviacha, maana navyo huumiza figo. Michirizi na pamba jichoni vilitoweka baada ya miezi kadhaa. Kazi ya figo iliyopotea haikurudi, lakini haijashuka tena kwa miaka mitatu. Kila baada ya miezi sita napeleka mkojo na damu, na kila mwaka yule daktari ananizimia taa. Barua ya droo nimeitoa. Nimeibandika ndani ya kabati la nguo.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Muuguzi wa zahanati ya shule ameniahidi kwamba mashine ya presha na vile vijikaratasi vitakuwa mezani chini ya mwembe, na vikopo vipo kwenye ndoo ya bluu. Wanaotimiza miaka 40 mwaka huu na kuendelea waanze, na mwanafunzi yeyote ambaye baba au mama yake ana kisukari, presha au figo naye asogee. Wali utangoja dakika ishirini, nimekwisha kuongea na jikoni. Kwa idhini yako nitaanza mimi, na wewe utanifuata.